UZI: Taitoli mkononi, kesi kortini. Tusome Dina, Torino na Sehmi kabla ya kununua ploti Kisumu, Nakuru au Kakamega

JabaliLaKisumu

Wakubwa, salamu. Tangu Mahakama ya Upeo itoe uamuzi wa Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa tarehe 21 Aprili 2023, watu wanaimba mstari mmoja tu: taitoli (hatimiliki) si kinga. Mstari ni sahihi, ila haumfai mtu aliyesimama kwenye foleni ya ofisi ya ardhi na fomu mkononi. Tuuvunjevunje hapa. Mahakama ilisema nini hasa, na mnunuzi wa Mamboleo, Lugari au Njoro afanye nini kabla hajatoa hata senti?

Kwa ufupi, ploti ya Dina ilikuwa ufuoni Nyali. Iligawiwa aliyekuwa Rais Daniel arap Moi mwaka 1989, ikauzwa kwa kampuni ya Bawazir, Bawazir nayo ikaiuzia Dina. Mwaka 2017 kaunti ikaubomoa ukuta ikidai hapo ni njia ya umma ya kufika baharini. Dina ikaenda kortini na taitoli yake, ikashindwa ngazi zote tatu. Kiwanja kilikuwa kimetengwa kuwa mahali pa wazi, na hakuna aliyeonyesha utaratibu uliokitoa mikononi mwa umma na kukifanya cha mtu binafsi. Mgao wa kwanza ukawa batili, na waliofuata wote wakaurithi ubatili. Kifungu cha 40(6) cha Katiba hakilindi mali iliyopatikana kinyume cha sheria, hata kama mwenye nayo leo hakuwapo wakati wa kosa.

Septemba mwaka huohuo ikaja Torino Enterprises, shamba la Embakasi ambalo jeshi lilikuwa ndani. Haki ya aliyeuza, kampuni ya Renton, ilitokana na barua ya mgao. Majaji wakasema barua hiyo ni ofa tu: usipotimiza masharti yake ndani ya muda uliotajwa, na kubwa ni malipo, inakufa yenyewe. Haihamishi ardhi na haiuziki kana kwamba ni ardhi. Wauzaji wa "ploti za alotimenti" mjini Kisumu, habari ndiyo hiyo.

Aprili 2025 ikaongezeka Sehmi dhidi ya Tarabana, ploti ya Ngara, Nairobi. Aliyenunua alijitetea kwamba alinunua kwa nia njema huku watu wengine wakiishi ndani ya ploti. Utetezi haukusimama.

Karibuni.

MsomiMwenzangu

Umeeleza vizuri, ila nipunguze kasi kidogo. Kesi zote tatu chanzo chake ni ardhi ya umma au ya serikali. Shamba la Lugari lenye mwenyewe tangu miaka ya sabini ni jambo jingine. Huko sheria ya kuanzia ni kifungu cha 26 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012: taitoli ni ushahidi wa kutosha wa umiliki mpaka ipingwe, na inapingwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni ulaghai au udanganyifu ambao mwenye taitoli amethibitishwa kushiriki. Ya pili, taitoli iliyopatikana kinyume cha sheria, bila kufuata utaratibu, au kwa mpango wa kifisadi.

Soma hiyo ya pili tena. Haisemi popote kwamba mwenye taitoli awe ameshiriki.

Huku kwetu hilo lilikuwa limesemwa miaka kumi kabla ya Dina. Mwaka 2013, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Eldoret, Jaji Munyao Sila, katika kesi ya Elijah Makeri Nyangw'ra dhidi ya Stephen Mungai Njuguna: taitoli yaweza kufutwa hata kama mnunuzi hana doa, almradi ilipatikana kwa njia haramu. Kwa hiyo anayejitetea kwamba "Dina ni ya ardhi ya umma, hainihusu" atapigwa na hiyo ya pili, 26(1)(b), na kifungu cha 80 kinampa jaji mamlaka ya kuamuru rejista irekebishwe.

Halafu tuache kusema "mnunuzi asiye na hatia" kama vile ni uganga. Mahakama ya Rufaa katika Samuel Kamere, 2015, ilimtaka anayejiita hivyo aonyeshe kwamba ana taitoli halali na kwamba alifanya uchunguzi wa kutosha. Mzigo ni wake.

KaraniWaRejista

Niingilie kwenye huo "uchunguzi wa kutosha," maana hapo ndipo wengi wanapotea.

Sachi, yaani upekuzi rasmi wa rejista, ni picha ya leo. Inakupa jina la mwenye ardhi, ukubwa, rehani ya benki ikiwapo, na zuio likiwapo. Haikwambii jina hilo lilifikaje pale. Linalokwambia ni kadi ya kijani, yaani ukurasa wa rejista wenyewe. Unaomba nakala iliyothibitishwa kwa msajili wa ardhi, ikiwa na muhuri na sahihi. Picha ya simu aliyokutumia wakala haina kazi.

Ukiipata, isome kutoka juu kwenda chini kama unavyosoma kitabu cha deni la duka. Mfano wa kubuni, shamba la ekari mbili:

Namba 1, mwaka 1974, jina la mzee. Namba 2, siku hiyohiyo, hatimiliki imetolewa. Namba 3, mwaka 2003, jina jipya, uhamisho wa kawaida, "kwa malipo ya Sh 150,000". Namba 4, hatimiliki mpya. Namba 5, mwaka 2021, muuzaji wako.

Iko safi, sivyo? Sasa uliza swali moja kwa chifu na majirani: yule mzee alifariki lini? Ukiambiwa 1996, umemaliza kazi. Marehemu alisaini uhamisho miaka saba baada ya kuzikwa. Shamba la marehemu linapita kwa mirathi, na kwenye kadi za zamani utaona maandishi RL 19 na RL 7 (siku hizi fomu ni LRA 39 na LRA 42) pamoja na namba ya kesi ya mirathi. Kama mwenye ardhi alifariki na namba ya kesi haipo, usiendelee. Kama ipo, nenda kwenye mahakama hiyo uombe kuliona faili. Kuna namba za kesi zilizoandikwa pale ambazo ukifungua faili unakuta mirathi ya mtu mwingine kabisa.

Alama nyingine ni pale hatimiliki "iliyopotea" imetolewa upya. Kisheria msajili hutangaza kwenye Gazeti rasmi la serikali na kusubiri siku 60. Litafute tangazo. Kama kadi inaonyesha hatimiliki mpya na wiki mbili baadaye uhamisho, jiulize ni nani aliyekuwa na haraka hivyo.

Omba pia kuona faili la kiwanja. Humo mna fomu ya uhamisho, kibali cha bodi ya usimamizi wa ardhi, nakala za vitambulisho na picha. Linganisha sahihi. Faili likiwa jembamba kuliko kadi, yaani kadi ina uhamisho mara tatu na faili lina karatasi za mara moja, wakili wako aandike barua kumuuliza msajili, na apate jibu kwa maandishi.

MpimajiWaMbale

Karani amemaliza karatasi, mimi niseme ya ardhini. Namba inaweza kuwa halali na udongo ukawa wa mwingine.

Chukua ramani ya rejista ya eneo kutoka ofisi ya upimaji. Tafuta namba yako. Kama shamba liligawanywa, kuna fomu ya mgawanyo iliyochorwa na mpimaji, yenye vipimo vya kila kipande na barabara ya kuingilia. Shida ya kawaida huku Vihiga na Kisii, ambako vipande ni vidogo: fomu ilisajiliwa, taitoli zikatoka, lakini ramani haikurekebishwa. Unakuwa na taitoli ya namba ambayo ramani haiijui. Usilipe mpaka marekebisho yafanyike, maana ukiuziwa hivyo hiyo ni kazi yako na gharama yako.

Siku ya kuonyeshwa mipaka, wa kukuonyesha ni mpimaji wako aliyekuja na ramani, muuzaji aangalie tu. Pima pande zote na ujumlishe. Ploti inayoitwa "hamsini kwa mia" ni futi 50 kwa 100, karibu hekta 0.046, lakini kwenye taitoli utakuta mara nyingi 0.045 au hata 0.04. Tofauti hiyo si ndogo, ni upana wa njia ya mkokoteni. Ramani hizi za mipaka ya jumla hazikupimwa kwa usahihi wa sentimita, kwa hiyo usitarajie ua wa jirani ulingane na mstari wa karatasi. Ila zikipishana kwa mita tano, kuna mtu amehamisha kitu.

Kwa ploti za mjini, ongeza ofisi ya mipango ya kaunti. Uliza mchoro wa mpango ambao ploti ilitolewa chini yake, na hapo awali palikuwa pametengwa kwa nini: barabara, soko, shule, uwanja, kingo za mto? Dina ilipotea hapo, siyo kwenye rejista.

WakiliWaVihiga

Asante mpimaji. Mimi naongeza ya familia, maana magharibi kesi nyingi zinaanzia nyumbani.

Kwanza, mirathi ambayo haijakamilika. Kifungu cha 82 cha Sheria ya Urithi kinakataza kuuza ardhi ya marehemu kabla barua za usimamizi hazijathibitishwa, na uthibitisho huombwa baada ya miezi sita tangu barua zitolewe. Kifungu cha 45 kinafanya kuingilia mali ya marehemu bila mamlaka kuwa kosa la jinai. Kwa hiyo mkataba wa "mtoto ataniuzia fungu lake, mirathi itafuata" hauna miguu. Ukiona kila mtu pale nyumbani amekubali na chifu ameandika barua, bado hauna. Barua ya chifu hutambulisha warithi tu. Barua za usimamizi hutolewa na korti, na kwa mali ndogo si lazima uende Mahakama Kuu: hakimu mkuu anasikiliza mirathi mpaka Sh milioni 20, hakimu mkazi mpaka milioni 5, wengine wako katikati.

Wapo wanaokimbilia kifungu cha 93, kwamba aliyenunua kwa msimamizi analindwa hata barua zikifutwa baadaye. Kinga ipo, lakini msiitegemee kama blanketi. Kama barua zilipatikana kwa kumficha mrithi na wewe ulijua au ulikuwa na kila sababu ya kujua, jaji hatakusikiliza kwa muda mrefu.

Pili, amana ya kimila, yaani mmoja kushika ardhi kwa niaba ya wengine. Kiebia dhidi ya M'Lintari, Mahakama ya Upeo, Oktoba 2018. Wakati wa kuandikisha ardhi, familia nyingi zilimsajili kaka mkubwa kwa niaba ya wote. Taitoli ina jina moja, shamba lina nyumba tano. Mahakama ilisema haki ya hao wengine ni halali chini ya kifungu cha 28(b) cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ingawa haijaandikwa popote, wala si lazima wawe wanaishi pale. Wathibitishe kwamba ardhi ilikuwa ya familia au ukoo kabla ya usajili, kwamba wao ni wa familia hiyo na uhusiano si wa mbali mno, na kwamba wangesajiliwa isingekuwa sababu fulani iliyoingilia kati. La mwisho, dai liwe dhidi ya mwanafamilia aliyesajiliwa.

Hilo la mwisho huwapa wanunuzi matumaini: mimi si mwanafamilia, basi halinifikii. Singemshauri mteja hivyo. Kifungu cha 28 kinasema ardhi iliyosajiliwa inabeba haki hizo bila kuandikwa, na aliyenunua huku boma zima likimtazama atapata taabu kueleza nia yake njema.

Kwa vitendo: nenda shambani mchana, ulizunguke lote. Tafuta makaburi. Kaburi la mtu ambaye si wa nyumba ya muuzaji linakupa maswali ya kuuliza kuliko sachi kumi. Angalia jiko linalotoa moshi upande wa pili wa ua, mahindi ya mtu mwingine, ng'ombe wamefungwa kwa nani.

Tatu, mke au mume. Kifungu cha 12 cha Sheria ya Mali ya Ndoa, 2013, kinataka idhini ya mwenzi kwa mali ya ndoa. Apige sahihi mbele ya wakili, na asipokee tu simu.

MgeniWaPloti

Shikamooni wakubwa. Swali: mtu amenunua shamba la kilimo upande wa Molo, amelipa lote, amekaa miaka tisa, lakini hawakwenda bodi. Muuzaji sasa anataka kurudisha pesa. Sheria inasemaje?

MsomiMwenzangu

Marahaba. Hapa ndipo mahakama zenyewe zilivutana.

Sheria ya Usimamizi wa Ardhi, Sura 302, kifungu cha 6: mkataba wa shamba la kilimo bila kibali cha bodi ni batili. Kifungu cha 8 kinataka ombi lipelekwe ndani ya miezi sita tangu mkataba, ingawa korti yaweza kuongeza muda. Kifungu cha 7 kinampa mnunuzi haki ya kurudishiwa pesa kama deni. Kifungu cha 22 kinafanya hata kukaa humo kwa mkataba batili kuwa kosa. Ukisoma hivyo tu, muuzaji ameshinda.

Lakini Macharia Mwangi Maina dhidi ya Davidson Mwangi Kagiri, Mahakama ya Rufaa 2014, ikasema muuzaji aliyepokea pesa na kumwachia mtu shamba hawezi kujificha nyuma ya bodi: ameshika ardhi kwa amana ya mnunuzi. Mwaka huohuo, mahakama hiyohiyo, David Sironga Ole Tukai, ikasema kinyume, kwamba kanuni za haki na usawa haziwezi kufufua kilichouawa na Bunge. Miaka minne mawakili walibeba uamuzi uliowafaa. Kisha 2018, Mahakama ya Rufaa ikiketi Eldoret katika Willy Kimutai Kitilit dhidi ya Michael Kibet, ikaegemea upande wa Macharia, kwa hoja kwamba Katiba inataja usawa miongoni mwa maadili ya kitaifa. Desemba 2023 Mahakama ya Upeo, katika Shah dhidi ya Mombasa Bricks, ikakubali kwamba amana ya namna hii yaweza kuingia kwenye mkataba wa ardhi na kuishinda taitoli iliyosajiliwa.

Kwa mtu wa Molo: akusanye mkataba wa maandishi wenye sahihi na mashahidi, stakabadhi za benki au M-Pesa zinazotimia bei yote, na ushahidi kwamba muuzaji mwenyewe ndiye aliyemkabidhi shamba. Aweke zuio kwenye rejista wiki hii, siyo baada ya Krismasi, maana muuzaji anayetaka kurudisha pesa mara nyingi amepata bei nzuri zaidi. Ombi la amana lipelekwe Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Nakuru. Kama hakulipa yote, hoja yake inalegea sana.

JabaliLaKisumu

Na asidai umiliki kwa kukalia? Miaka kumi na miwili si mbali.

MsomiMwenzangu

Hiyo bado. Miaka 12 ya Sheria ya Ukomo wa Mashauri, kifungu cha 7 na 38, ni ya kukaa bila ruhusa, wazi, bila kukatizwa. Aliyeingia kama mnunuzi aliingia kwa ruhusa, na mahakama huanza kuhesabu tangu alipomaliza malipo, si siku aliyohamia. Public Trustee dhidi ya Wanduru, 1984, ndiyo hutajwa. Mtu wa miaka tisa anapungukiwa hata akihesabiwa vizuri kabisa. Akifika huko, njia ni kuitisha hati ya wito chini ya Amri ya 37 ya Kanuni za Mwenendo wa Madai na kuambatisha dondoo iliyothibitishwa ya rejista. Wengi huambatisha sachi na ombi linatupwa. Na ardhi ya umma haichukuliwi kwa kukalia, ukae miaka mia.

KonveyansaWaNakuru

La pesa, haraka. Asilimia 10 ya kianzio iwekwe kwa wakili kama mshika pesa wa pande zote mbili, isipite mkononi mwa muuzaji mpaka kadi ya kijani na faili vimesomwa. Siku 90 za kukamilisha ndizo za kawaida, ila shamba la mirathi haliishi ndani ya siku 90, andikeni muda wa kweli. Ushuru wa stempu ni wa mnunuzi: asilimia 4 mjini, 2 mashambani, kwa thamani ya mthamini wa serikali, siyo bei mliyoandika. Kodi ya faida ya mtaji ni ya muuzaji, asilimia 15 tangu Januari 2023, na wauzaji wengi hujifanya hawaijui hadi siku ya kusajili. Itajwe kwenye mkataba ni nani anayelipa, la sivyo uhamisho utakwama na lawama zitakuangukia wewe.

Kuhusu alotimenti za Kisumu: anayekuuzia akuonyeshe risiti ya malipo yote ya barua na tarehe yake. Ilinganishe na muda ulioandikwa ndani ya barua. Risiti iliyochelewa ndiyo Torino yenyewe.

MgeniWaPloti

Nashukuru sana. La mwisho: kadi ya kijani ikiwa na mistari miwili tu, jina la muuzaji na hatimiliki yake, mwaka 2019, hiyo si ndiyo safi kabisa?

KaraniWaRejista

Hapana, hiyo ni kadi ya mtoto. Shamba liligawanywa, namba ya zamani ikafungwa, namba mpya zikaanza upya na kadi tupu. Historia yote iko kwenye kadi ya mama. Juu ya kadi yako patakuwa pameandikwa imetokana na namba gani. Omba nakala ya hiyo, na kama nayo ilitokana na nyingine, panda tena mpaka ufike kwa aliyeandikishwa kwanza au kwa mgao wa serikali. Ukiambiwa kadi ya mama imepotea, usilipe kitu mpaka msajili aandike barua ya kusema hivyo na kueleza zile za watoto zilifunguliwa kwa karatasi gani.

MgeniWaPloti

Nimeelewa. Jumatatu asubuhi nitakuwa dirishani.

KaraniWaRejista

Beba namba kamili ya kiwanja, kitambulisho na pini ya KRA. Na uende mapema, kabla foleni haijafika langoni.